Sungura wa Paris na daftari la mama mkubwa

Wafaransa wakiahidiana kukutana mahali, mmoja akafika na mwenzake asitokee, aliyeachwa husema amewekewa sungura. Kwa nini sungura na si kuku, waulizwe wenyewe. Sungura wetu sisi ana kazi nyingine, ya kumtapeli fisi. Lakini Aprili 2024 mnyama huyo aliingia serikalini. Waziri mkuu wa wakati ule, Gabriel Attal, alitangaza kwamba mgonjwa atakayepanga kumwona daktari kisha asitokee, bila kutoa taarifa saa 24 kabla, atatozwa yuro 5. Magazeti yakaiita kodi ya sungura. Ilikuwa ianze Januari 2025. Juni 2024 Bunge likavunjwa, mambo mazito zaidi yakatanda, na Januari ilipofika hakuna aliyetozwa kitu.

Uingereza walikuwa wameshalionja. Katikati ya 2022 Rishi Sunak, akiwania uongozi wa chama cha Conservative dhidi ya Liz Truss, aliahidi kwamba anayekosa miadi ya daktari au ya hospitali bila taarifa atalipa pauni 10, kosa la kwanza likisamehewa. Chama cha madaktari kikapinga. Sunak akashindwa, Truss akaingia na kutoka kabla hajakizoea kiti, Sunak akaapishwa Oktoba 25, na siku chache tu baadaye ofisi yake ikasema wakati wa faini hiyo haujafika.

Wanaopendekeza faini si wakatili. England peke yake, zaidi ya miadi milioni 7 ya kliniki za hospitali hupotea kila mwaka kwa watu kutofika, huku waliopangiwa foleni ndefu wakisubiri kwa miezi. Wanaopinga nao wana kumbukumbu ndefu. Huduma ya afya ya Uingereza ilizaliwa Julai 1948 kwa ahadi kwamba mgonjwa hatadaiwa mlangoni. Miaka mitatu haijatimia, serikali iliyoiasisi ikaamua kutoza meno ya bandia na miwani, na waziri aliyeijenga huduma hiyo, Aneurin Bevan, akajiuzulu Aprili 1951. Mwaka uliofuata karatasi ya dawa ikawekewa ada ya shilingi 1. Leo kwa England ada ya dawa moja imepita pauni 9. Mtu aliyeyaona hayo akisikia "pauni 10 tu" hushika mfuko.

Nayasema ya Ulaya kwa sababu hoja hii imeshabisha hodi kwetu, angalau kwenye shughuli za ukoo.

Mwaka jana tulikuwa kijijini kwenye arobaini ya babu. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, ni daktari wa mifupa katika hospitali ya umma ambayo sitaitaja. Alifika amechelewa, macho mekundu, akakaa kwenye kiti cha plastiki, sahani ya pilau mapajani, na kabla ya tonge la tatu akaanza.

"Jana nimesimama bure saa mbili nzima. Chumba cha upasuaji tayari, vifaa tayari, mtu wa ganzi yupo, manesi wapo. Mgonjwa hayupo. Alitakiwa alazwe Alhamisi, hakuja. Simu haipatikani. Na huko wodini nina watu wamefungwa uzito miguuni wiki ya tatu, wananitazama kila nikipita. Ningekuwa mkurugenzi ningewatoza elfu ishirini ishirini, halafu tuone nani atakosa."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja, ambaye hajawahi kulipa deni la mtu katika maisha yake, akapandisha dau hadi elfu hamsini.

Nikamuuliza binamu huyo mgonjwa alipigiwa simu lini.

"Asubuhi ile."

"Na kabla ya hapo?"

"Alipewa tarehe miezi miwili iliyopita. Imeandikwa kwenye cheti chake."

Tukaachia hapo kwa sababu dua ilikuwa inaanza. Lakini neno "imeandikwa" likabaki linanikwaruza, na sababu yake ni daftari la mama mkubwa.

Mama mkubwa anaishi Mkuranga. Ana presha na sukari, na kliniki yake iko mjini, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Kumbukumbu za ugonjwa wake ziko kwenye daftari la shule la kurasa 48, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, limevishwa gazeti na kuwekwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya bima na kipande cha khanga. Daftari hilo analitunza kuliko hati ya shamba. Sijapata kumwona akikosa tarehe. Usiku wa kuamkia kliniki halali vizuri, saa kumi ameshaoga.

Oktoba moja nilikwenda kumjulia hali nikamkuta ananunua vidonge vitano vitano duka la dawa la jirani. Nikamuuliza kwa nini hajaenda kliniki. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto asiyejua hesabu.

"Tarehe yangu bado, mwanangu. Safari hii wamenipa mbali. Soma mwenyewe."

Akafungua ukurasa wa Agosti. Juu palikuwa na vipimo vya presha, 160 kwa 95. Katikati majina ya dawa. Chini kabisa, kwa mwandiko unaokimbia basi: TCA 1/12.

"Tarehe mosi, mwezi wa kumi na mbili," akasema. Na kwa aibu kidogo akaongeza kwamba aliona daktari amempa muda mrefu kwa kuwa hali yake imeanza kuwa nzuri.

Waliosomea tiba wameshaelewa. Herufi hizo tatu ni kifupisho cha Kiingereza, maana yake mgonjwa arudi tena. Na 1/12 si Desemba mosi. Ni sehemu moja ya kumi na mbili ya mwaka, yaani mwezi mmoja. Kwa kanuni hiyo hiyo 2/52 ni wiki mbili na 3/7 ni siku tatu. Ni mwandiko wa vyuoni, umepokewa tangu enzi za wakoloni na haukukusudiwa kusomwa na mtu mwenye daftari lake. Kwenye kitabu cha kliniki, mwezi Septemba, mama mkubwa aliandikwa hakufika. Kama ile elfu ishirini ya binamu ingekuwa sheria, angetozwa kwa kosa la kusoma tarehe kama tarehe.

Sasa niseme msimamo wangu wazi. Siamini kwamba faini ni dhambi popote itakapowekwa. Norway hutoza wasiofika, Finland hutoza zaidi ya yuro 50, na mbingu haijawaangukia. Hospitali binafsi ikitaka malipo ya awali ili ikushikie nafasi ya daktari wa meno, hiyo ni biashara na wateja wake wanaijua. Lakini kule Helsinki taarifa hukufikia kwa wakati na kwa lugha yako, basi huja saa iliyoandikwa kituoni, na ukifika saa nne kwa miadi ya saa nne kuna mtu anayekungoja. Hapo ndipo mtu anaweza kuulizwa, umekosaje? Faini inadai kwamba pande mbili ziliahidiana. Kwetu, mara nyingi, aliyeahidi ni mmoja.

Hata pale ambapo ahadi ni ya kweli, pesa ina tabia ya kuharibu kitu kingine. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walilitazama jambo hili mjini Haifa kwenye vituo 10 vya kulelea watoto. Tatizo lilikuwa wazazi kuchelewa kuwachukua watoto jioni, mwalimu akabaki mlangoni na mtoto mmoja analia. Vituo 6 vikaweka faini ya shekeli 10 kwa anayechelewa zaidi ya dakika kumi. Wachelewaji hawakupungua. Waliongezeka hadi karibu mara mbili. Awali mzazi alikuwa akimwonea haya mwalimu. Sasa alikuwa ananunua muda wake, tena kwa bei poa. Kibaya zaidi, faini ilipofutwa baada ya wiki kadhaa, ile haya haikurudi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2000, na kila nikisikia mtu anataka kutoza faini ndogo namkumbuka yule mwalimu mlangoni.

Mtu mwenye gari na bima nzuri akitozwa elfu ishirini atalipa kwa simu akiwa kwenye foleni ya taa za barabarani, na dhamiri yake itakuwa nyeupe kuliko kabla. Yule asiye nayo hatalipa, na hatarudi pia, kwa sababu kwenye dirisha la mapokezi anajua deni linamsubiri.

Maana wanaokosa kliniki ni akina nani? Huko Scotland watafiti waliojikita Chuo Kikuu cha Glasgow walipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya nusu milioni. Waliokosa miadi mara kwa mara walikuwa zaidi watu wa mitaa maskini, na wenye maradhi mengi kwa pamoja. Mwaka 2019 wakatoa matokeo ambayo yangetakiwa kubandikwa ukutani kwenye ofisi ya kila mkurugenzi: mtu mwenye maradhi ya kudumu anayekosa zaidi ya miadi miwili kwa mwaka ana hatari ya kufa mara tatu ya yule asiyekosa. Kwa wenye maradhi ya akili peke yake, hatari hiyo ilikuwa zaidi ya mara nane. Kwa hiyo jina lisiloitikiwa kwenye orodha ya asubuhi ni dalili, sawa na homa au kikohozi cha damu. Hakuna daktari anayetoza faini kwa kikohozi cha damu.

Na kuhusu pesa ndogo kufukuza wagonjwa, hatuna haja ya kwenda Scotland. Desemba 1989 Kenya ilianza kutoza ada kwenye hospitali na vituo vya afya vya serikali. Nairobi kulikuwa na kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa, wakati ambao UKIMWI ulikuwa unapamba moto na kila mgonjwa wa kisonono aliyetibiwa alikuwa mlango mmoja uliofungwa. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1992. Katika miezi ya ada, wanaume waliofika walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya kawaida, wanawake hadi asilimia 65. Ada ikasimamishwa mwaka 1990. Wanawake wakarudi. Wanaume hawakurudi wote. Ni Haifa ile ile kwa sura nyingine: ukishamfundisha mtu kwamba mlango huu una bei, kufuta bango hakutoshi kumfanya asahau. Tanzania nayo ilianza uchangiaji mwaka 1993, na watu wa rika langu tunakumbuka jinsi neno "kuchangia" lilivyobadilika maana kutoka harusini kwenda hospitalini.

Atasema mtu, sasa tufanye nini, tuwabembeleze? Ndiyo. Kubembeleza kumepimwa, na kunalipa.

Kati ya 2007 na 2008, kwenye kliniki tatu za Kenya, Pumwani ikiwa mojawapo na nyingine huko Kajiado, wagonjwa 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Jingine, kila Jumatatu asubuhi, lilipokea ujumbe wa simu wenye neno moja: Mambo? Basi. Hakuna "kumbuka dawa zako", hakuna jina la ugonjwa, hata mume au jirani akiiona simu haoni kitu. Mgonjwa alitakiwa ndani ya saa 48 ajibu Sawa au Shida. Akijibu Shida, au akinyamaza, muuguzi anampigia. Baada ya mwaka, waliofubaza virusi kwenye kundi la Mambo walikuwa asilimia 57, kwenye kundi la kawaida asilimia 48. Lancet ikachapisha mwaka 2010. Wataalamu wakaandika mengi kuhusu teknolojia. Mimi naona wameuacha uungwana wa neno lenyewe. Mambo ni salamu ya mtu na rika lake. Mtu akiulizwa mambo hujisikia anatazamwa na mwenzake, na kumjibu ni rahisi kuliko kumjibu karani.

London nako, hospitali za kundi la Barts zilijaribu maneno tofauti kwenye ujumbe wa kukumbushia miadi. Ujumbe wa kawaida ulipotumwa, asilimia 11.1 hawakufika. Ujumbe uliotaja kwamba kutofika kunaigharimu huduma ya afya takriban pauni 160 ulishusha idadi hiyo hadi asilimia 8.4. Hakuna senti iliyodaiwa kwa mgonjwa. Aliambiwa tu ukweli, kisha akaachwa na moyo wake. Ukipenda, hiyo ndiyo haya ya Haifa kabla haijauzwa.

Nyumbani pia tuna mfano, na tunaupita kila siku bila kuuona. Nenda kliniki ya tiba na matunzo ya UKIMWI, CTC, kwenye hospitali yoyote ya wilaya. Mtu asipotokea tarehe yake, kuna orodha, na kuna anayeishughulikia: WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na virusi mwenyewe, anapiga simu, akikosa anamtafuta kwa bodaboda au kwa miguu. Na mgonjwa ambaye hali yake imetulia hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa mkupuo, kwa sababu mtu aligundua kwamba miadi isiyo ya lazima ndiyo rahisi kukosa. Lakini kwenye kliniki ya presha, mtu aliyetulia miaka kumi anaitwa kila mwezi kuchukua vidonge vile vile. Ukuta mmoja unatenganisha kliniki hizo mbili, na kila nikiutazama najiuliza huku ng'ambo tumekosa nini.

Naijua sehemu ya jibu: upande ule kulikuwa na pesa za wafadhili. Sawa. Lakini kuandika "Jumanne tarehe 14 Oktoba" badala ya 1/12 hakuhitaji mfadhili. Kalamu ni ile ile.

Halafu kuna suala ambalo wapenda faini hawaligusi, la hospitali kumwekea mgonjwa sungura. Nimekaa kwenye benchi la mbao la kliniki na mama mkubwa. Tulifika saa kumi na mbili na nusu, tukapewa namba 31 kwenye kipande cha boksi la dawa. Kila mtu kwenye benchi aliambiwa aje saa moja, watu zaidi ya sitini, daktari mmoja. Saa moja ikapita. Saa tatu nesi akatoka, binti mdogo aliyeonekana amebebeshwa kazi ya kuomba radhi za watu wengine.

"Wazee wangu shikamooni. Daktari wa leo ameitwa semina. Mrudi Alhamisi ijayo, namba zenu zitatumika zile zile."

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja mwenye mkongojo, aliyetoka ng'ambo ya Rufiji na kulala kwa mkwewe ili awahi, aliuliza tu kama nauli ya Alhamisi nayo itatumika ile ile. Tukacheka wote, na nesi naye, akageuza uso. Nilipiga hesabu kichwani tukirudi: watu sitini, wastani wa shilingi elfu nne za nauli, siku moja ya kazi kwa kila mmoja, na wengi walikuwa na msindikizaji. Kama elfu ishirini ingetozwa siku hiyo kwa kutotokea, ingekuwa zaidi ya milioni moja, na aliyekosa miadi alikuwa hospitali yenyewe. Angelipa nani, dirisha lipi, kwa namba gani ya malipo?

Simlaumu daktari wa semina. Huenda hakuulizwa. Simlaumu hata binamu yangu. Saa mbili za chumba cha upasuaji zilizopotea ni hasara halisi, na wale waliofungwa uzito miguuni si wa kubuni. Ninachosema ni kwamba hasara ile ilianza miezi miwili nyuma, tarehe ilipoandikwa na hakuna aliyepiga simu hadi asubuhi ya siku yenyewe. Laiti angepigiwa Jumatatu na kuonekana hapatikani, mmoja wa wale wa wodini angeingizwa mahali pake.

Wiki iliyopita, nikijiandaa kuandika makala haya, nilikwenda Mkuranga nikaomba daftari. Mama mkubwa aliosha mikono kwanza. Siku hizi mjukuu wake wa darasa la sita ndiye mtafsiri: kila wakirudi kliniki anaandika kwa kalamu nyekundu, pembeni ya mwandiko wa daktari, siku, tarehe, mwezi na saa, kisha anachora duara. Nikapiga picha ukurasa wa Agosti ile, usio na duara, nikamtumia binamu bila maelezo.

Alama mbili za buluu zikatokea. Akakaa kimya kama robo saa. Kisha ujumbe ukaingia:

"Hivyo ndivyo ninavyoandika hata mimi. Mpe shangazi shikamoo yangu."